Muda Hupimwa, Haukisiwi



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyejaalia usiku na mchana vifuatane kwa hesabu, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, hakuna muuzaji anayekubali dhahabu yake ipimwe kwa jicho. Hutaka mizani, kwa kuwa gramu moja ni fedha nyingi. Na wapunjao vipimo mnajua walivyokemewa katika Sura ya Al-Mutaffifin. Nastaajabu basi kuona sisi sisi, tulio wakali wa gramu, twakisia tu kitu kilicho ghali kuliko dhahabu, nacho ni muda.

Nimesema muda, sikusema wakati. Wakati wa Adhuhuri hujulikana kwa jua, na elimu hiyo Waislamu waliishughulikia tangu zamani: Ibn al-Shatir, mtunza nyakati wa msikiti mkuu wa Damascus, aliutengenezea msikiti huo saa ya jua mwaka 1371. Lakini muda ni urefu wa jambo, tangu lianze hata liishe. Chombo cha kuupima ni saa ile waiitayo stopwachi. Ukiibonyeza huanza kutoka sifuri. Ukiibonyeza tena husimama. Haikuambii ni saa ngapi, hukuambia kimepita kiasi gani.

Wengi waijua kwa michezo. Filbert Bayi alipokimbia mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, macho ya watazamaji yaliweza kusema nani amekuwa wa kwanza. Lakini kwamba ametumia dakika 3 na sekunde 32.2, na kwamba hakuna mwanadamu aliyepata kufanya hivyo kabla yake, hilo lilisemwa na saa.

Sasa tutoke uwanjani, twende kwenye maduara ya wachimbaji wadogo. Penye kulipua baruti kwa utambi, hapana budi utambi wenyewe ujaribiwe kwanza, kwa sababu unyevu na uchakavu hubadili mwendo wa moto. Hukatwa kipande kilichopimwa, kikawashwa mbali na baruti, na saa ikabonyezwa. Tuseme mita 1 imeungua kwa sekunde 120. Basi mita 2 zitampa mtu dakika 4 za kutoka; na kama kupanda ngazi ya duara lile humchukua dakika 5, hesabu imekwisha kusema. (Kazi hiyo ni ya mwenye kibali cha kulipua, si ya kila kijana mwenye kiberiti.)

Lakini lililonifanya nilete maneno haya leo ni mtoto mchanga anayekohoa. Homa ya mapafu, ndiyo nimonia, huua watoto wadogo upesi, na dalili yake mojawapo ni kuhema haraka. Bibi atasema, "Anahema kama siku zote." Baba atasema, "Tumngoje hadi kesho." Wote wawili wanakisia. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: mtoto wa chini ya miezi 2 akihema mara 60 au zaidi kwa dakika moja, anahema haraka, wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, mara 50, wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka 5, mara 40.

Mfunue kifua akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Bonyeza saa, uhesabu kila kifua kinapoinuka, hadi zitimie sekunde 60. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne, maana pumzi ya mtoto haiendi sawasawa, na kosa la pumzi moja litakuwa kosa la pumzi nne. Wala usiseme huna saa. Hata simu ndogo ya vitufe mara nyingi inayo.

Hesabu ikifikia kipimo, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, naye wa chini ya miezi 2 msicheleweshe hata kidogo. Na ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila avutapo pumzi, usihesabu tena. Mbebe mwende, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Wabillahi tawfiq.