Umbali na Darasa: Shule ya Umma Katika Nyanda za Kati

Imekuwa desturi katika maandishi ya elimu kudai kwamba shule ya umma ya Tanzania ilizaliwa Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, na kwamba yaliyofuata yalikuwa utekelezaji tu. Mhadhara huu, uliotolewa Haneti, wilayani Chamwino, unaikataa rai hiyo, kwa kuwa inaeleza kilichofundishwa darasani bila kueleza darasa lenyewe lilimfikiaje mtoto wa Kigogo.

Usuli unafahamika: wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, ukoloni ukazitenga shule kwa rangi, na utengano huo ukafutwa kisheria mara baada ya Uhuru. Kijitabu chenyewe kinastahili kusomwa taratibu. Kinakiri kwamba takriban asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi wangepata nafasi ya sekondari. Kwa hiyo kinataka elimu ya msingi ijitosheleze, yaani imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini badala ya kumwandaa kwa mtihani ambao wengi wataushindwa. Kinapendekeza umri wa kuanza shule upandishwe ili mhitimu awe amekomaa kiasi cha kufanya kazi. Na kinataka shule iwe na shamba ambalo wanafunzi wanaliendesha wenyewe na kuona faida na hasara yake. Ni nadra kiongozi wa nchi kuandika kwa uwazi wa namna hiyo. Hata hivyo, hoja zote hizo zinamhusu mtoto aliyekwisha kuingia shuleni.

Kwa asiyeingia, kikwazo kilikuwa umbali: Wagogo wengi waliishi katika kaya zilizotawanyika, kila tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa, ikiwa jirani na mashamba yake ya uwele na mtama na malisho ya ng'ombe, hata mwalimu hodari akakosa watoto wa kutosha walio karibu. Operesheni Dodoma ya 1971, iliyofuata ukame, ndiyo iliyowakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, na Nyerere mwenyewe akapiga kambi Chamwino akifyatua matofali pamoja na wananchi. Azimio la Musoma la 1974, lililosogeza lengo la elimu ya msingi kwa wote (UPE) kutoka 1989 hadi 1977, lilikuta kazi ya kuwaweka watoto karibu imekwisha kuanza.

Wapo wanaojibu, na wana haki, kwamba watu walihamishwa kwa nguvu, na kwamba mtoto aliyesogezwa karibu na darasa aliwekwa mbali na shamba na mifugo. Mhadhiri aliyewahi kuita majina katika shule ya aina hiyo anakumbuka jinsi msimu wa kuamia ndege ulivyoacha mistari mizima ya daftari la mahudhurio bila alama. Walimu nao waliandaliwa kwa haraka, na mitaani UPE ikafasiriwa kwa kejeli kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Lawama hizo ni za kweli, lakini zinahusu ubora wa shule na gharama yake, wakati swali lililoulizwa hapa ni la kuwapo kwake.

Swali hilo la umbali halikuisha: ada ilipofutwa katika shule za umma hadi kidato cha nne mwaka 2016, vitongoji vya mbali vilibaki mbali. Na mwaka 2021, fedha za kukabiliana na UVIKO-19 zilipotengwa kwa madarasa, 3,000 kati ya hayo yalipangiwa shule shikizi, yaani zile zinazofunguliwa ili watoto wadogo wasiifuate shule mama kwa mwendo wa saa nyingi.