Mimea Hai Katika Tangi la Samaki

(Mazungumzo ya mtunza bustani mmoja mbele ya kamati ya wazazi wa nasari na kikundi cha vijana, Kilifi. Tumeyaacha karibu kama alivyoyasema.)

Nilipoambiwa nije nizungumze juu ya tangi la samaki nilicheka kidogo, maana nimezoea kuulizwa habari za minazi na mikorosho. Lakini nimepita hapo nasari nikaliona tangi lenyewe, lile mliloachiwa na mgeni wenu. Nikaona mambo mawili. Majani yote yameoza kutoka chini. Na watoto wanatumbukiza mikono mle hadi kwenye viwiko. Hilo la pili ndilo lililonifanya nikubali kuja.

Kwanza niwaambie aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa mfanyakazi wa bustani katika hoteli moja huko Malindi, sitaitaja. Mapokezi palikuwa na tangi la kioo la lita 300 hivi, nikaambiwa nilitunze kwa sababu ati majani ni kazi ya bustani. Nikajaza majani kila pembe, mpaka samaki hawana pa kugeukia. Mchana lilipendeza, wageni wakawa wanapiga picha na kutupia samaki mkate. Usiku mmoja stima ikapotea. Nilipofika saa kumi na mbili asubuhi nilikuta samaki wote wako juu ya maji, midomo wazi, wanahema. Kufika saa mbili wengi walikuwa wamekufa. Meneja akasema nimetia sumu. Nilikatwa mshahara wa mwezi mzima, na sikuwa na la kujibu, kwa kuwa hata mimi sikujua kilichowaua.

Sasa najua. Jani likipata mwanga linatoa oksijeni, na samaki anaivuta. Hayo tulifundishwa shuleni. Tusilolikumbuka ni kwamba jani nalo linapumua, mchana na usiku. Giza likiingia halitoi oksijeni tena, linavuta tu, kama sisi. Mkate ukioza chini nao unakula oksijeni. Na maji yetu ya pwani ni ya vuguvugu, na maji ya vuguvugu hushika hewa kidogo kuliko ya baridi. Pampu ya hewa ilikuwa imezima na stima. Basi usiku kucha majani, mkate na samaki waligombania hewa moja, na samaki wakashindwa. Kwa hivyo mkiona samaki wanahema alfajiri na mchana ni wazima, msikimbilie dawa. Punguzeni majani, punguzeni chakula, na mbadilishe maji kiasi. Mimea ikishika nusu ya tangi inatosha.

Tuje kwenye tangi lenu. Mwaniuliza kwa nini majani yanakufa hata kabla hayajajaa. Nimeona sababu tatu.

Ya kwanza ni mchanga. Mmeuchota ufuoni. Ule mchanga mweupe wetu, sehemu kubwa yake ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa tupu, tena una chumvi. Na maji yenu ni ya kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambayo yenyewe tayari ni mazito kwa chokaa. Si mwaona ukoko mweupe ndani ya birika la chai? Chokaa juu ya chokaa. Katika maji kama hayo mmea unashindwa kupata chuma hata kikiwepo, na jani changa linatoka la manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Uondoeni mchanga huo. Tafuteni mchanga wa mtoni, muuoshe mpaka maji yatoke meupe. Chini yake tandazeni udongo mwekundu, unene wa kidole kimoja, kama ule wa Magarini. Wekundu ule ni chuma kilichoshika kutu, na mizizi itakifikia humo. Lakini udongo ukae chini kabisa na mchanga juu yake, la sivyo mtakuwa na tangi la chai ya maziwa.

Kuhusu maji, wakati wa mvua za masika kingeni ya paa, ila yale ya mwanzo yanayoosha vumbi myamwage. Changanyeni nusu kwa nusu na ya kisima. Mkitumia ya mfereji, yamewekwa klorini. Yaacheni katika ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatia. Kila wiki badilisheni robo, msibadilishe yote kwa mpigo.

Sababu ya pili ni dirisha. Jua la asubuhi linaingia moja kwa moja, maji yanapata moto, na ule utando wa kijani unaoteleza unafurahi kuliko mimea. Unafunika majani mpaka yanakosa mwanga. Mmekuwa mkisugua kioo kila Jumamosi, kazi ya bure. Sogezeni tangi mbali na dirisha, mweke taa moja ya tyubu juu yake. Iwashwe saa mbili asubuhi, izimwe saa kumi jioni. Saa 8 zinatosha.

Sababu ya tatu mtaicheka. Ni wale tilapia. Tilapia anachimba mchanga kutengeneza kiota, na wako wengine ambao majani ni chakula chao. Mmemfungia mbuzi katika bustani ya sukuma wiki! Warudisheni kwa mwenye kidimbwi. Ikiwa mwataka samaki wa kwetu, yuko yule mdogo mwenye rangi kali anayeonekana kwenye vidimbwi vya mvua. Wataalamu humwita Nothobranchius. Kidimbwi kikikauka yeye anakufa, lakini mayai yake yanangoja ndani ya matope mpaka mvua irudi. Wafugaji wa samaki wa urembo huko Ulaya wanalijua jina la Kikambala kwa sababu ya kisamaki hiki, na sisi tunampita kila siku. Hagusi majani. Anakula viluwiluwi vya mbu. Mkichukua, chukueni wachache, wengine muwaache watage.

Sasa lile la mikono ya watoto. Majani mliyoyatia mmeyatoa wapi? Nimeambiwa bwawani. Nami nimeona konokono wadogo kwenye kioo. Kina mama, mwajua kichocho. Hapa pwani watoto wanakojoa damu kwa sababu ya vimelea vinavyotoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi. Si kila konokono anavyo, lakini kwa macho hamtamjua mwenye navyo. Kwa hivyo kuanzia leo mtoto asitie mkono mle. Ondoeni kila kitu, mwage maji juu ya ardhi kavu, tangi likauke kabisa juani, kisha mwanze upya.

Anayekwenda kuchukua mimea avae buti na glavu za mpira. Mimea ioshwe jani kwa jani, kisha ilale siku 2 katika beseni lenye shabu, lile jiwe la wanyozi, iliyosagwa: kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4 za maji. Konokono na mayai yake hawapendi shabu. Halafu suuzeni vizuri. Hata baada ya hayo, mkimwona konokono hata mmoja, mwanze tena. Ni usumbufu, najua. Kumpeleka mtoto hospitali ni usumbufu zaidi.

Na majani mtakayopunguza msiyatupe bwawani wala mtoni. Nimewahi kuona mmea unaoelea, unaofanana na kabeji changa, ukifunika lambo zima hata kina mama wakawa wanausukuma kwa fimbo ili wachote maji. Gugu maji la Ziwa Victoria asili yake ni Amerika Kusini, na watu walilisambaza duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika karibu hekta 17,000 upande wa Kenya, boti hazipiti, wavuvi wamekaa ufuoni. Ilibidi waletwe wadudu wa kulila, waliachiliwa upande wetu mwaka 1997. Majani yenu yachimbieni chini ya mgomba pale nyuma ya jiko. Ndizi itawashukuru.

Limebaki jambo moja, mwenyekiti, nalo ni la kuamua leo kabla ya chai. Shule ikifungwa mwezi wa nane, ufunguo wa chumba utakaa kwa nani? Maana taa itahitaji kuwashwa na kuzimwa, na samaki kupewa chakula kidogo siku moja, siku ya pili waachwe. Mama aliyeinua mkono kule nyuma, nadhani ni jirani wa nasari. Karibu mbele.