Mahabusu na Waliobaki Nyumbani

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya diakonia)



Korona ilipoingia Afrika Mashariki mwezi Machi 2020, sote tuliambiwa tunawe mikono na tusikaribiane. Je, mahabusu wanaolala wamebanana wangewezaje?

Jirani zetu wa Kenya walisitisha kutembelea magereza mwezi huo huo, na mahakama zikapunguza shughuli. Mwezi Aprili wafungwa wapatao 4,800 wa makosa madogo waliachiwa. Hapa Tanzania Rais alitoa msamaha Sikukuu ya Muungano. Tulimshukuru Mungu. Lakini tuelewe kwamba msamaha wa Rais humfikia aliyekwisha kuhukumiwa. Mahabusu anasubiri kesi, na kila inapoahirishwa siku zake zinaongezeka.

Sisi wa mradi tulifundishwa na mama mmoja wa usharika wetu. Mumewe alikuwa mahabusu, naye alizoea kumpelekea chakula na sabuni. Siku moja akazuiwa getini, akarudi na chakula chake. Kwa wiki nyingi hakujua kama mumewe ni mzima. Wakati huo tulikuwa tunagawa ndoo, sabuni na unga kwa kaya zenye shida. Akaja ofisini kuuliza kwa nini jina lake halimo. Hatukuwa na jibu. Fomu yetu iliuliza wajane na yatima, na mume wake alikuwa hai. Tunakiri kwamba kosa lilikuwa letu.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu:

1. Kila kikundi kizifahamu familia zenye ndugu gerezani, kwa siri na bila kuzihukumu.

2. Njia ya kutembelea ikifungwa, tuwasaidie kuandika barua. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinatambua mawasiliano ya mfungwa na familia yake.

3. Wapo wanaobaki mahabusu kwa kukosa wadhamini tu. Tuwaunganishe na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Mathayo 25 tunaisoma kila mara. Gonjwa jingine likija, lisitukute tena na fomu ile ile.