Kumtunza Nyumbani Aliyepotewa na Kumbukumbu

Maradhi aliyoyaeleza tabibu wa Kijerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, ambayo ndiyo sababu kubwa ya wazee kupotewa na kumbukumbu, si wazimu wala si uchawi, bali ni kuharibika kwa ubongo polepole. Na dawa ya kuyaponya haijapatikana.

Kwa hiyo aila nyingi huajiri mtunzaji akae mle mle nyumbani, usiku na mchana, nasi twaona jambo hilo lina heri, kwani mgonjwa hutulizwa na sura aliyoizoea na chumba akijuacho kuliko maneno mengi. Magharibi inapoingia ndipo wasiwasi humzidi: bibi hujitanda kanga, akashika mkoba, akasimama mlangoni, akasema anataka kwenda kwao, ilhali yu kwao. Mtunzaji mwenye busara hambishii. Humwambia, "Haya bibi, twende, lakini tunywe chai kwanza," akawasha taa, akamshika mkono, na baada ya kitambo safari imesahauliwa. Lakini mgonjwa akichanganyikiwa kwa ghafula, katika siku moja au mbili, msidhani ni uzee tu. Huenda ana homa au amepungukiwa na maji, apelekwe kwa daktari.

Tena, mtunzaji huyo anayelala sikio likiwa kwenye kitasa ni binadamu. Mkataba nambari 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, wampa mfanyakazi wa nyumbani mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Siku hiyo na waje wana na wajukuu, wakeshe wao.