Shingo, Bega na Machela: Uchukuzi katika Miteremko ya Ufipa



Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alileta tembo wanne wa India, wakashushwa pwani ya Dar es Salaam. Walikuwa wamefunzwa kubeba mizigo, na safari yao ilikuwa ya Karema, kaskazini mwa Ufipa. Alifika mmoja tu. Carter aliyewaongoza aliuawa Mpimbwe mwaka 1880. Shehena za Karema zikaendelea kufika kama zamani, vichwani na mabegani mwa wapagazi.

Mfalme angeuliza wenyeji, wangemwambia. Ufipa iko kati ya maziwa mawili. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Rukwa kama 800, na uwanda wa Sumbawanga 1,800. Mwenye samaki wa kuuza juu ana mita 1,000 za kupanda. Mabondeni kulikuwa na mbung'o, adui wa ng'ombe na punda. Ikabaki shingo ya mtu.

Na shingo ina elimu yake. Ngata, kitambaa au majani yaliyosokotwa duara, huupa mzigo kitako na kuutandaza uzito utosini. Mama mwenye tenga hainami: anafupisha hatua, shingo imenyooka, macho yako hatua kadhaa mbele, kwa kuwa akitazama vidole vyake tenga litamwagika. Mzegamzega, mti begani wenye mzigo kila ncha, unafaa tambarare. Kwenye mpando mkali ncha ya mbele inagonga mlima.

Machela ni darasa jingine. Wachukuzi wakipanda, kichwa cha mgonjwa hutangulia, wafupi hukaa mbele na warefu nyuma ili alale sawa. Chombo hicho kilichowabeba wakubwa wa kikoloni, leo kinambeba mjamzito ambaye gari haliwezi kumfikia.

Sisi wanahistoria tumeandika mengi kuhusu matanuri ya chuma ya Wafipa, marefu kuliko mtu. Yanastahili. Lakini mawe ya chuma, udongo na makaa havikujipeleka tanurini, na waliovibeba hatuwataji. Ni uvivu wetu, tusisingizie uhaba wa ushahidi.

Siku hizi uwandani kuna mikokoteni ya maksai, bodaboda, na lami kutoka Tunduma. Ukifika ukingo wa Lyamba lya Mfipa, mteremko mkali unaoshukia Ziwa Rukwa, bado zipo njia zinazopitika kwa miguu tu, na bajeti ya barabara haizioni kwa sababu hazina magurudumu. Kivuko imara cha mbao, vidato vya mawe penye utelezi, jukwaa la kutulia mzigo bila kuomba msaidizi: vyote ni kazi ya fundi wa kijiji.

Wahandisi mliomo humu, kabla hamjachora ramani nyingine, pandeni mteremko ule pamoja na mama mwenye tenga, mumuulize anapumzikia wapi. Hapo ndipo pa kuanzia kujenga.