LUTON TOWN NA MZIGO WA POINTI 30



Katika ligi ya kandanda, timu zote huanza msimu zikiwa sawa. Hakuna iliyo na pointi wala inayodaiwa pointi. Lakini mwezi wa Agosti 2008, katika daraja la nne la ligi ya Uingereza, timu ya Luton Town ilianza msimu ikiwa imekatwa pointi 30. Ushindi mmoja huleta pointi tatu. Kwa hiyo, hata kama ingeshinda michezo yake 10 ya kwanza bila kupoteza hata mmoja, ingefika tu pale ambapo wenzake walianzia. Adhabu kubwa kiasi hicho haikuwahi kutolewa katika historia ya ligi hiyo.

Luton ni mji wa viwanda ulioko kaskazini ya London. Zamani ulisifika kwa utengenezaji wa kofia, na mpaka leo wachezaji wake huitwa kwa jina la mafundi wa kofia. Baadaye ukajulikana kwa magari ya Vauxhall. Klabu yake iliundwa mwaka 1885, na tangu 1905 inacheza katika uwanja mdogo wa Kenilworth Road, ambao baadhi ya milango yake imepenyezwa katikati ya nyumba za wakazi. Mwaka 1988 klabu hiyo iliishinda Arsenal kwa mabao 3 kwa 2 na kutwaa Kombe la Ligi. Miongoni mwa washambuliaji wake siku hiyo alikuwa Mick Harford. Miaka 20 baadaye, Harford huyo huyo ndiye aliyekuwa kocha wa timu iliyobeba mzigo wa pointi 30.

Mzigo huo ulitoka wapi? Ulitoka katika makosa mawili, na yote mawili yalitendeka ofisini, wala si uwanjani. La kwanza lilihusu malipo kwa mawakala wa wachezaji, yaliyofanywa kinyume cha kanuni wakati wa uongozi uliotangulia. Kwa kosa hilo Chama cha Kandanda cha Uingereza kiliitoza klabu faini na kuikata pointi 10. La pili lilikuwa la madeni. Mwezi wa Novemba 2007 klabu ilishindwa kulipa madeni yake ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, ikiwa ni mara ya tatu katika muda wa miaka 10. Ilipotoka huko bila kutimiza masharti ya ligi juu ya makubaliano na wadai wake, ikakatwa pointi nyingine 20.

Haifai kuzidharau kanuni hizo. Klabu inayonunua wachezaji kwa fedha isiyo nayo, kisha ikaacha kuwalipa wanaoidai, huzidhulumu klabu zinazobana matumizi na kulipa kila mwisho wa mwezi. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Ligi isiyomwadhibu mwenye kukwepa deni huwafundisha wote kukwepa. Aidha, Luton haikuadhibiwa peke yake. Msimu huo huo, katika daraja hilo hilo, Bournemouth na Rotherham zilikatwa pointi 17 kila moja kwa sababu za namna hiyo hiyo.

Hata hivyo, jambo moja ni dhahiri. Waliofanya malipo yale hawakuwa tena madarakani. Klabu ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na kundi jipya la wafanyabiashara waliokuwa wapenzi wa timu hiyo, na wachezaji wengi walikuwa wamesajiliwa upya. Beki aliyejiunga mwezi wa Agosti hakuwa ameidhinisha malipo yoyote. Mzee aliyekata tiketi kwa miaka 40 hakuwa ametia sahihi yake popote. Kanuni ilikuwa halali, lakini pigo lake liliwapata watu ambao hawakuwa na hatia. Wapenzi wa Luton walilalamika kwa sauti kubwa, lakini hukumu haikubadilika.

Basi Harford na vijana wake walifanyaje? Walicheza. Kila juma waliingia uwanjani, na kila walipofungua gazeti waliliona jina la timu yao likiwa mkiani. Walishinda michezo 13, wakatoka sare 17, wakafungwa 16. Hizo ni pointi 56, kazi ya timu ya kawaida yenye kuaminika. Toa 30, zinabaki 26. Grimsby Town, iliyonusurika kwa taabu juu ya mstari wa kushuka, ilikuwa na 41. Kwa maneno mengine, miguu ya wachezaji wa Luton iliibakiza timu katika ligi, ila kalamu za ofisini zikaitoa.

Katikati ya msimu huo wa dhiki ilikuwapo njia moja ambayo adhabu haikuigusa, nayo ni njia ya kombe. Tarehe 5 Aprili 2009, Luton ilifika Wembley kucheza fainali ya kombe la timu za madaraja ya tatu na ya nne, lililojulikana wakati ule kwa jina la mdhamini wake, Johnstone's Paint. Mpinzani wake alikuwa Scunthorpe United, timu ya daraja la juu yake. Watazamaji walizidi 55,000, na wapenzi wa Luton peke yao walikadiriwa kufika 40,000. Scunthorpe ilitangulia kwa bao la Gary Hooper. Chris Martin akasawazisha, na Tom Craddock akaipatia Luton bao la pili. Zikiwa zimesalia dakika chache, Grant McCann akasawazisha kwa upande wa Scunthorpe. Katika dakika za nyongeza, Claude Gnakpa, kijana kutoka Ufaransa, akafunga bao la ushindi. Luton ikatwaa kombe kwa mabao 3 kwa 2.

Siku nane baadaye, tarehe 13 Aprili, Luton ilitoka suluhu na Chesterfield nyumbani kwake, na hesabu ikafungwa. Timu yenye kombe mkononi ikashuka daraja na kutoka kabisa katika ligi ambamo ilikuwa imedumu tangu mwaka 1920. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kushuka katika misimu mitatu mfululizo.

Wengi walidhani kwamba huo ndio mwisho. Haukuwa mwisho, wala safari ya kurudi haikuwa fupi. Luton ilikaa misimu mitano nje ya ligi. Mwaka 2011 ilifika fainali ya kuwania kupanda ikashindwa na AFC Wimbledon kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2012 ikafika tena, ikafungwa na York City. Ni mwaka 2014 tu ndipo ilipotwaa ubingwa kwa pointi 101 na kurejea. Mwaka 2018 ikapanda daraja la tatu. Mwaka 2019 ikawa bingwa wa daraja hilo, na aliyeiongoza katika miezi ya mwisho, kocha wake alipoondoka, alikuwa tena Mick Harford. Tarehe 27 Mei 2023, katika uwanja wa Wembley, iliishinda Coventry City kwa penalti na kuingia Ligi Kuu. Katika kikosi hicho alikuwamo Pelly-Ruddock Mpanzu, mzaliwa wa London mwenye asili ya Kongo, ambaye alianza na klabu hiyo ilipokuwa nje ya ligi na kupanda nayo ngazi zote mpaka kileleni.

Ni kweli kwamba huko juu haikudumu. Msimu wa 2023–24 ilimaliza Ligi Kuu ikiwa na pointi 26, idadi ile ile ya mwaka 2009, ikashuka. Na mwezi wa Mei 2025 ikashuka tena mpaka daraja la tatu. Lakini safari hii ilishuka kwa kufungwa uwanjani, na kufungwa uwanjani hakumvunjii mtu heshima. Timu iliyoshindwa kwa haki hujua inachopaswa kurekebisha.

Ndugu wasikilizaji, jeshi na polisi ni vyombo vinavyoishi kwa amri na adhabu. Msimu ule wa Luton unawapa mafunzo mawili ambayo hayafai kutenganishwa. La kwanza ni la wenye vyeo. Kosa la ofisini haliishii ofisini. Hesabu ya uongo ya posho, au mafuta yanayouzwa usiku kwa mlango wa nyuma, hulipwa siku moja na askari wa chini ambaye hakupata hata senti, naye hulipa kwa njaa, kwa aibu, na pengine kwa uhai wake. Mwenye dhamana akumbuke kwamba anapotia sahihi, anatia sahihi kwa niaba ya kikosi kizima.

La pili ni la askari wa kawaida. Hukumu ikiwa nzito, na hata ikiwa imempata asiyehusika, lalamiko lina njia zake za halali, nalo lipitishwe huko. Lakini wakati lalamiko linasikilizwa, lindo halisimami. Wachezaji wa Luton walijua tangu mwezi wa Agosti kwamba huenda jasho lao lisitoshe. Pamoja na hayo walizitafuta pointi 56, kila moja kana kwamba ndiyo ya kuwaokoa. Pointi hizo hazikuiokoa timu mwaka ule. Zilichookoa ni mazoea ya kufanya kazi kwa ukamilifu, na juu ya mazoea hayo klabu ilisimama tena miaka mitano baadaye.