Nchi ya Ushirombo na Mambo Yake ya Kale

 

Tumeombwa tuseme habari za nchi yetu. Twaanza na ardhi, maana asiyejua mito ya kwao hawezi kueleza njia za babu zake. Sisi hatuna mlima mkubwa wa kujivunia. Tuna vilima na miombo, juu ya uwanda ulioinuka kadiri ya mita 1,200 toka usawa wa bahari. Lakini tazameni maji. Kaskazini yetu maji ya mvua hushukia Ziwa Viktoria, yakaingia mto Nile hata Misri. Ya kwetu hufuata mito ya Nikonga na Kigosi mpaka mabwawa ya Moyowosi, kisha Malagarasi, kisha Ziwa Tanganyika, na mwisho wake ni mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Matone mawili ya wingu moja huagana kilimani yasionane tena. Mwalimu mwenye kufundisha jiografia asianze na ramani ukutani. Awatoe watoto nje mvua ikinyesha.

Wenyeji wa nchi hii ni Wasumbwa, na Ushirombo ulikuwa utemi mmoja wao. Walikuwa watu wa safari. Walichukua chumvi ya Uvinza, na majembe yaliyofuliwa na Warongo wa kaskazini, wakaenda kutafuta shaba hata Katanga. Huko ndiko Msumbwa mwenzetu Ngelengwa, mwana wa Kalasa, aliyeitwa Msiri, alipojifanyia ufalme katika mji wa Bunkeya. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na watu wake, Wayeke, wangaliko Katanga hata leo. Nyumbani nako hakukuwa na amani. Katikati ya karne ya 19 Watuta, Wangoni waliotoka kusini, walikaa pande za Runzewe wakateka ng'ombe na watu. Kisha vikaja vita vya Mirambo wa Urambo, aliyekufa 1884, na biashara ya watumwa haikukoma.

Mapadre Weupe walikwisha kuiacha Kipalapala, karibu na Tabora, mwaka 1889. Mwaka 1891, mwaka uleule wa kufa kwake Msiri, wakaanzisha misioni hapa Ushirombo. Padre François Gerboin alifanywa askofu mwaka 1897, akaongoza vikariati ya Unyanyembe hata alipofariki mwaka 1912. Padre Capus alitoa sarufi ya Kisumbwa mwaka 1898. Mwaka huohuo wamisionari waliotoka upande huu walifungua Muyaga katika Burundi, na mwaka uliofuata Mugera. Basi Kanisa la Burundi lina mzizi wake mmoja hapa kwetu, ingawa wengi kule hawajui, na sisi hatujapata kuwaambia.

Vitabu vyataja majina ya mapadre, na ni haki. Lakini nani alichukua mizigo mpaka Muyaga? Nani alikuwa mkalimani? Misioni hii ililea watoto waliokombolewa utumwani. Walikua, wakaoana, wakafundisha katekisimu vijijini. Majina ya wengi wao yamo vinywani mwa wazee tu, na kila mazishi yanapunguza kurasa za kitabu hicho. Twawaomba walimu wa kila kigango wamtume mtoto mwenye daftari kwa bibi na babu kabla ya masika. Na babu akisema Kisumbwa, kiandikwe Kisumbwa, maana watoto wetu wengi sasa hujibu kwa Kiswahili au Kisukuma.

Mambo ya karibuni mwayajua. Jimbo la Kahama liliundwa mwaka 1983. Wilaya yetu ya Bukombe ilikuwa mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012, ulipoanzishwa mkoa wa Geita. Malori ya Rwanda na Burundi hupita barabara yetu usiku na mchana, yakifuata karibu njia ileile ya wapagazi wa zamani.

Kuna dhahabu pia. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na vijana wetu huacha daftari wakashike sururu katika mashimo madogo. Hatuwalaumu, maana jembe halilipi ada. Lakini shimo huhitaji matimba ya kuzuia udongo usiporomoke, na matimba hayo hukatwa katika miombo ileile inayolisha nyuki wetu na kuyashika maji ya Nikonga.